Mama Maestro na Sauti za Nyuma

Mama Maestro hakuvumilia noti ya mwisho ivutwe. Kwaya nyingi za Lubumbashi zikifika mwisho wa wimbo huning'inia pale juu, kila mtu akishindana na pumzi ya mwenzake. Yeye alifunga ngumi. Mkono wa kulia ulipanda, vidole vikakunjwa, na sauti zote zikakatika pamoja kama taa iliyozimwa. Aliyechelewa, hata kwa mkia mdogo wa sauti, alitafutwa kwa macho mpaka akapatikana.

"Soprano, ule wa kitambaa nyekundu, bado unamwimbia nani?"

"Nimemaliza, Mama Maestro."

"Shiye tulimaliza. Weye ulibakia. Mungu haiko kiziwi, mama. Alishasikia."

Mtaa wetu wote wa Kampemba ulimwita hivyo, hata wauza makala ambao hawakuwahi kukanyaga parokia yetu. Mimi nilimjua kwa jina hilo tangu nikiwa sekondari, nilipoingia katika kwaya yake na kuwekwa mwisho wa mstari wa alto, karibu na nguzo. Niliimba pale miaka mingi. Hata leo naweza kueleza mikono yake vizuri kuliko uso wake.

Niseme mapema nilichokitaka, ili msomaji asikae akikisia. Mama Maestro aliacha kusimama katikati yetu, na mimi nilitaka asimame tena, hata mara moja, hata kama sisi wenyewe tusingekuwepo na mahali petu pangeshikwa na mashine.

Kuhusu mashine, mimi si mtu wa shule. Mambo ya sauti nilijifunza kwenye simu, kwa video nilizopakua asubuhi mtandao ukiwa mwepesi, na kwa mijadala ya wageni niliyoipitisha kwenye mtafsiri na kuisoma mpaka macho yakauma. Kwa sababu hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba imetosha. Nikirekebisha waya, narudi kuutazama. Nikiandika ukurasa, naufuta. Mama Maestro alinicheka kwa hilo na kunipa cheo ambacho sina karatasi yake: Ingénieur, yaani mhandisi.

Siku ya Jumapili tulisimama kwa mistari kama kwaya zote. Lakini kwenye mazoezi, katika ukumbi ulio nyuma ya parokia, alitupanga duara na yeye akasimama katikati. Soprano mbele yake upande wa kushoto, alto mbele upande wa kulia, tenor na besi nyuma yake kabisa. Wageni walishangaa kuona kiongozi anawapa wanaume kisogo. Kuna padre kijana aliyemuuliza sababu mbele yetu.

"Mon père, besi mi nataka kubasikia mu mugongo," alimjibu. "Ku masikio besi anaweza kunidanganya. Mu mugongo, hapana."

Na kweli hawakumdanganya. Alikuwa na sindano ya kroshe ambayo haikutoka mkononi. Alifuma kabla ya mazoezi, alifuma wakati wa matangazo, na nina hakika alifuma wakati wa mahubiri. Katikati ya wimbo, bila kugeuka, aliinyoosha ile sindano juu ya bega lake, na ncha yake ikamwelekea mwenye kosa. Mara nyingi ilimwelekea besi mmoja mwenye kifua kikubwa, anayeuza simenti karibu na soko.

"Papa wa simenti, unapumua katikati ya 'Bwana'. Unamukata Bwana bipande mbili."

"Mama Maestro, mapafu yangu ni ya zamani."

"Basi pumua mbele ya Bwana, ao nyuma yake. Katikati, non."

Tulicheka, na yule papa alicheka kuliko wote, kisha tukarudia, naye akapumua palepale.

Hakusifu mtu. Wakati tunaimba alitoka katikati na kupita taratibu mbele ya duara, sikio lake karibu na midomo yetu, na mbele ya kila aliyekosea alisimama hapohapo. Sifa yake ilikuwa kukupita. Akikupita bila kupunguza mwendo, ulirudi nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi. Mbele yangu alisimama kila wiki. Nilichelewa kuingia, kwa sababu nilingoja nihakikishe noti yangu ni sahihi kabla ya kuitoa, na noti haimngoji mtu. "Ingia, mama," aliniambia. "Ingia na makosa yako." Sikuweza. Nilitamani kupitwa kama wengine wanavyotamani kuolewa.

Kamati ya parokia ilipoleta vipaza sauti, alivirudisha. Alisema vinafundisha watu uvivu. Alisema mtu akiona waya mbele yake anaanza kuimbia ule waya. Kwa hiyo fikirieni mshangao wangu siku aliponiita nyumbani kwake nitazame mashine ambayo mwanawe alimtumia kutoka ng'ambo, na nikakuta sebule ambayo ingeweza kufungua sinema. Televisheni pana kama meza. Ampli, ile mashine nzito inayosukuma sauti. Spika tano, ambazo sisi huku tunaziita bafle, na moja nyingine nene ya kutoa mngurumo. Tena kisanduku kidogo cheusi kilichochomekwa nyuma ya televisheni, kinachovuta filamu na nyimbo kutoka mtandaoni au kutoka kwenye simu ya mtu aliye karibu. Hicho alikiita kale kaboîte.

Ampli ilikuwa ndani ya kabati la vyombo lenye vioo, katikati ya sahani za wageni, ili vumbi la Oktoba lisiipate. Na zile bafle tano zote zilikuwa juu ya bufee, lile kabati fupi la sebuleni, zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wanaopigwa picha ya mwisho wa mwaka. Kila moja ilivikwa kitambaa cha kroshe alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua, kinachoning'inia mpaka chini na kuifunika uso.

Nilimweleza kwa heshima. Nilimwambia kwamba filamu za siku hizi, na nyimbo nyingine, zimerekodiwa kwa sauti ya kuzunguka. Ndani ya faili moja mna njia sita, kila spika na njia yake. Mvua inayonyesha nyuma ya mtu inatoka nyuma ya mtu. Mbili kati ya spika hizi zinapaswa kukaa nyuma ya viti.

"Nyuma ya kiti?"

"Ndiyo, Mama. Zisionekane, zisikike."

"Mutoto wangu atume kintu kutoka mbali vile, niifiche nyuma ya kiti kama mufagio? Na muntu akiingia, atajua namna gani kama mutoto wangu ananiwaza?"

Mume wake alikuwa amekaa kwenye foteyi yake, kiti chake cha mikono, karibu na dirisha. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, anayependa filamu za vita, na hakuwahi kuimba hata kwenye sherehe. Alinikonyeza.

"Ingénieur, achana naye. Mi niko na foteyi moja na masikio mbili. Inatosha."

Nilienda zangu nikiwa nimeshindwa, na njiani nilicheka peke yangu. Mwanamke aliyewapanga binadamu kwa duara ili awasikie mgongoni alikuwa amezipanga spika zake kwa mstari ili zipendeze. Tangu hapo nilikwenda kwake mara kwa mara. Umeme ulipokatika na kurudi, kale kaboîte kalisahau kila kitu, nami nikaitwa kukakumbusha. Kila mara nilitazama ule mstari juu ya bufee na mikono ikaniwasha. Kila mara alinilisha bukari, ugali wetu, na dagaa tunaowaita ndakala, na kunikataza kugusa vitambaa.

Kisha yule papa mpole akafariki.

Asiyejua desturi zetu za kilio aniruhusu nimweleze. Sebule inatolewa kila kitu. Foteyi zinakwenda nje chini ya hema la wanaume, meza ndogo inakwenda kwa jirani, magodoro na mikeka inatandikwa chini, na mjane anakaa katikati ya sakafu, wanawake wamemzunguka. Kwaya ikija inaimba imesimama kando ya kuta. Tulipoingia mle ndani, wala hakuna aliyetupanga, miguu yetu ilitafuta mahali ilipopazoea. Soprano mbele kushoto. Alto kulia. Besi walipita nyuma ya mjane na kusimama karibu na dirisha, mahali ambapo ile foteyi ilikuwa.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa katikati ya duara letu. Kichwa chini, kitambaa cheusi, mikono juu ya mapaja, bila sindano. Tukaanza. Kufikia ubeti wa pili sauti ilikuwa imeshuka. Tulijua imeshuka, kila mmoja alijua, na wote tulikuwa tunautazama ule mkono wa kulia. Papa wa simenti alipumua katikati ya "Bwana". Mkono haukuinuka. Sijawahi kutamani kukemewa kama siku ile. Wimbo ulipofika mwisho hatukujua tuukate wapi, ukaisha vipande vipande, kila mtu na pumzi yake.

Baada ya kilio kumalizika na nguo nyeusi kuvuliwa, alirudi misani. Hakurudi kwenye kwaya. Alikaa benchi la karibu na mlango, akafuma. Tulimtuma Papa wa simenti akamwombe, kwa sababu ndiye aliyekemewa zaidi na kwa hiyo ndiye aliyependwa zaidi. Alirudi akiwa amekunja kofia mkononi.

"Anasema hapana. Anasema: nilishaimbiwa."

Kijana mmoja wa tenor akashika nafasi yake. Ni kijana mzuri, ana sikio na ana subira, na anavuta noti ya mwisho. Anainua mikono yote miwili na kuiacha juu, nasi tunakwenda naye mpaka vioo vya kanisa vinatetema. Waumini wanapenda. Mimi pia, nakiri, kifua changu kinapenda. Ni shingo yangu tu inayogeuka kuelekea mlangoni.

Ndipo nikapata wazo, na wazo likininasa halinitoki. Kama yeye haji kwenye duara, duara litakwenda kwake. Nilimwomba maestro mpya tuimbe, mazoezini, ule wimbo wa kumalizia misa ambao Mama Maestro alitunga mwenyewe. Niliazima simu za wenzangu, nikaweka moja mbele ya kila kundi la sauti na nyingine karibu na ngoma. Kabla ya kuanza, maestro mpya alipiga kofi moja la nguvu ambalo simu zote zililisikia. Kwa kofi hilo, baadaye, niliweza kuzipanga rekodi zote zianze pamoja. Nyumbani nikaishonea kila sauti njia yake ndani ya faili moja. Soprano spika ya mbele kushoto, alto mbele kulia, ngoma katikati, uzito wake kwenye ile nene ya mngurumo. Tenor nyuma upande mmoja, besi nyuma upande wa pili. Duara zima, na katikati mahali patupu pa mtu mmoja.

Kazi hiyo ilininyima raha kwa wiki nyingi. Niliisikiliza kwa spika za kuazima chumbani kwangu mpaka dada yangu akahamia jikoni. Kitu kimoja kilinitesa kuliko vyote: ile noti ya mwisho. Ilivutwa. Niliijua kazi ya kuikata. Ni kuvuta mstari mmoja kwa kidole. Nikaikata pale ambapo ngumi yake ingefunga. Ikasikika kama mlango uliofungiwa usoni mwa watu. Nikairudisha. Nikaikata tena, nikairudisha, na mwishoni nikaiacha ndefu kama ilivyoimbwa, nikiwa na aibu nayo.

Nilikwenda kwake siku ya Jumamosi. Alikuwa katika hali nzuri, ananitania kuhusu nywele zangu. Aliniruhusu, kwa ajabu, niziteremshe bafle mbili na kuziweka nyuma ya viti, "paka leo", yaani leo tu. Nikafungua faili kutoka kwenye simu kwenda kwenye kale kaboîte. Kofi likalia. Sauti zikatoka zote mbele, zimesongamana, besi wamewakanyaga soprano. Nyuma palikuwa kimya. Nikaanza tena. Vilevile.

"Besi biko wapi?" aliuliza.

"Zitakuja, Mama. Ngoja."

Nilizungusha kila kitu kinachozunguka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye simu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nikafikiri labda ni kiti chake, labda amekaa mbali mno, kule ukutani ambako viti vyote vya sebule zetu hukaa. Nikasema:

"Mama Maestro, tusogeze hii meza. Tutoe na foteyi hizi mbili. Kiti kikae hapa katikati, spika zikuzunguke."

Aliitazama sakafu, ile saruji nyekundu anayoing'arisha kwa nta.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Mama. Hapo ndipo sauti zote zinakutana."

"Utoe meza. Utoe foteyi. Uniikalishe pa katikati, na kwaya inizunguke inaimba."

Ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

"Ingénieur," akasema, bila hasira, "hapo nilishaikala."

Hakunifukuza. Aliinuka, akazirudisha zile bafle juu ya bufee kwa mikono yake, akazivika vitambaa, akaenda jikoni kusonga bukari. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza. Wala hakuisema habari hiyo tena, na mimi sikuthubutu.

Sababu ya ukimya wa nyuma niliijua baadaye, katika mojawapo ya mijadala ile ya wageni. Kale kaboîte kalikuwa kamechomekwa kwenye televisheni, si kwenye ampli. Kabla ya kutoa sauti, kisanduku cha namna hiyo huiuliza mashine iliyo mbele yake ina masikio mangapi. Televisheni hujibu: mawili. Basi chenyewe, bila kumwambia mtu, kinachukua chakula cha watu sita na kukimwaga kwenye sahani mbili. Dawa yake ni nyepesi: kichomeke moja kwa moja kwenye ampli, ambayo itajibu kwamba ina masikio sita. Lakini ampli ilikaa ndani ya kabati la vyombo, waya ni mfupi, na mimi nisingeweza kurudi kumwomba atoe sahani zake. Nililala na jibu hilo kama mtu anayelala na mfupa kooni.

Misimu ikapita. Niliendelea kumwona misani, benchi la mlangoni. Nilimsalimu, akanipiga begani kwa sindano. Kitambaa alichokifuma kiliendelea kurefuka na sikujua ni cha nini.

Halafu akanipigia simu.

"Ingénieur, kuya utoe ile mashine ya mutoto wangu mu ukuta. Binti anakuya kunikamata. Naenda kuikala kwake, ku Sakania."

"Kutembea tu, Mama?"

"Kuikala, nimesema."

Nilifika asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope mlangoni. Binti yake, anayefanya biashara ndogo kule mpakani, alikuwa nje anabishana na dereva wa lori juu ya namna ya kufunga foteyi. Ndani palikuwa karibu patupu. Kabati la vyombo lilikuwa limeshapakiwa, bufee pia. Sakafu nyekundu ilikuwa na mabaka meusi ya kung'aa mahali ambapo fanicha ziliwahi kusimama. Ampli ilikuwa chini, karibu na ukuta, na televisheni kando yake juu ya sanduku. Zile bafle zilikuwa sakafuni, uchi, vitambaa vimeshakunjwa na kwenda. Mama Maestro alikuwa kwenye mlango wa jikoni, anafunga sahani kwa karatasi kuukuu.

Nilichuchumaa nianze kuchomoa. Nikaona kwamba waya mfupi wa kale kaboîte sasa unafika kwenye ampli.

Nilitaka kwanza kupima, kupanga, kwenda nyumbani na kurudi. Nikamkumbuka alivyosimama mbele yangu wiki kwa wiki. Ingia na makosa yako.

"Mama, niruhusu nijaribu mara moja kabla sijatoa."

"Jaribu. Si kazi yako ni kujaribu?"

Nikachomeka. Bafle tatu nikaziweka mbele juu ya masanduku, mbili nikazipeleka nyuma, moja karibu na dirisha. Sikupima kitu. Nilisimama kando ya ukuta na kulibonyeza faili.

Kofi likalia kama mtu amepiga mikono ndani ya chumba kile. Ngoma. Soprano wakaingia kutoka kushoto, alto kutoka kulia, na kabla sijavuta pumzi besi wakaingia kutoka dirishani, wazito, kamili, wakaijaza sebule tupu kutoka nyuma.

Karatasi iliacha kuchakarisha jikoni.

Alitoka na sahani mkononi. Alitembea polepole mpaka katikati ya sakafu, kisha akasimama na kuyafumba macho. Hapakuwa na kiti. Hapakuwa na mtu aliyemwambia akae.

"Nani anaimba nyuma yangu?"

"Besi, Mama Maestro."

"Nasikia kama ni besi. Nauliza ni nani." Akainamisha kichwa. "Aah. Papa wa simenti. Angalia. Bado anamukata Bwana."

Alininyoshea sahani, nami nikaipokea na kuikumbatia. Mikono yake ikapanda.

Sitajaribu kuieleza. Nilikuwa nimeisahau kidogo, na mambo niliyoyasahau yalinirudia yote: kidole kidogo kinachokwenda mbele ya vingine, bega la kushoto linalowasubiri tenor. Na zile sauti zilimfuata. Najua hazikumfuata, najua ziliimbwa miezi mingi kabla, na kijana mwingine akiwa mbele yake. Lakini wimbo ni wake, na sisi miili yetu bado ilihesabu kama alivyotuhesabia, kwa hiyo alipokaza tulikaza, na alipolegeza tulilegea. Katika ubeti wa pili alitoka katikati, akaenda kwenye spika ya kulia, ya alto, akainama, sikio karibu kabisa. Mimi nilikuwa mle ndani. Nilijua noti ninapochelewa, inakuja, inakuja. Nikaibana sahani kifuani.

Akaipita bila kupunguza mwendo.

Labda hakunisikia, tulikuwa wengi. Sitajua, na nimejizuia kumuuliza.

Alirudi mahali pake, mgongo kwa besi, mwisho ukakaribia. Mkono wa kulia ukapanda. Vidole vikakunjwa. Ngumi ikafunga, safi, kama zamani.

Na sauti zikaendelea.

Zilibaki pale juu, zote, mbele na nyuma, ndefu, zikimtii mtu mwingine. Mkono wake ulibaki hewani umefungwa. Nilimwona usoni akiwatafuta kwa macho wale waliobaki, na walikuwa ni wote. Nilishindwa kuvumilia. Nilinyoosha kidole kwenye simu.

"Usizime."

Hakunitazama. Akaifungua ngumi, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja kikawa wazi kimeelekea juu, akaiacha noti ikae hapo. Akaishikilia pamoja nao mpaka pumzi zao zikaisha zenyewe, wa mwisho kabisa akiwa Papa wa simenti.

"Banavuta," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Acha bavute."

Nje dereva alipiga honi. Binti alimwita mamake kwa jina lake la nyumbani, si la kazi, nami nikashtuka, kwa sababu sikuwa nimewahi kulisikia. Mama Maestro alichukua sahani yake mikononi mwangu, akaikagua kama nimeipasua.

"Sasa toa waya, Ingénieur. Njia ni ya matope."

Lakini hakutoka pale katikati. Alisimama amegeukia mlango, sahani mkononi, mgongo kwa dirisha. Nami nikaanza na bafle za mbele, taratibu kuliko ilivyohitajika. Zile za nyuma nilizichomoa mwisho.